Kusahaulika Si Kukomaa

Kila Disemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na Soweto ya Moshi ikajaa magari yenye vumbi la safari, hakosekani mtu wa kufungua kabati la kioo la sebuleni akatoa siga: ile sigara nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi. Nani aliileta, mwaka gani, hakuna anayekumbuka sawasawa, na hapo ndipo heshima yake inapotoka. "Hii imekaa miaka ishirini," anatangaza, kana kwamba kukaa ni kazi.

Si kazi. Sibishi kwamba siga hukomaa. Ikihifadhiwa kwenye sanduku la mbao lenye unyevu wa karibu asilimia 70, ukali wake hupungua na ladha hutulia mwaka hadi mwaka. Lakini sanduku hilo lina mtu wake: anapima unyevu, anaongeza maji, anachunga joto lisije likaangua mayai ya mdudu wa tumbaku. Kabati letu halina mtu. Februari jua la Moshi linalikausha. Masika yakija milango inavimba hadi haifunguki. Siga iliyopita humo miaka ishirini imekufa. Ganda linapasuka ukiigusa, moto unakimbia, moshi unaunguza ulimi, na nyuma yake hakuna kitu ila ladha ya karatasi. Ukiirudishia unyevu haisaidii, kwa maana mafuta ya jani yakishatoka hayarudi.

(Tumbaku inaua, iwe changa au kongwe. Siipigii debe.)

Kinachoniudhi ni wale wanaoizunguka. Inapita mkono hadi mkono, kila mmoja anafumba macho, anatikisa kichwa, anasema imeiva. Hawa ni watu wa mlima ambao ushirika wao, KNCU, umeuza kahawa tangu 1933! Muonjaji yeyote wa kahawa hapa mjini atakwambia kwamba kahawa iliyolala mno ghalani inaonja gunia, na hakuna anayeiongezea bei kwa ajili ya umri. Mbege ndiyo kabisa: ndizi mbivu zikachemshwa, kimea cha ulezi kikatiwa, ikiiva inanywewa. Ikizidi siku zake imechacha, na mzee wa Kibosho atakuambia hivyo mbele ya mwenye pombe bila kuona haya. Bibi anayenusa ugoro hanunui uliopoteza harufu.

Ndimi tunazo, basi. Tunaziweka mfukoni pale tu kitu kinapokuja na utepe wa dhahabu kutoka ng'ambo. Tumbaku ya Urambo hakuna anayeifungia kabatini. Ya Kuba tunaifungia pamoja na vikombe vya wageni na chupa ya wiski isiyofunguliwa, halafu uzembe wetu wa kutoitunza tunauita umri.

Na uzembe huu una mwenyewe anayeumia. Mzee mmoja wa mtaani alipewa siga tatu na rafiki yake aliyesoma Kuba. Alipenda kuzitoa, kuzinusa, kuzirudisha. Angevuta ya kwanza nyumba ikiezekwa. Ikaezekwa, akaona afadhali asubiri mtoto ahitimu. Akahitimu, akaona afadhali arusi. Kila siku kubwa ilipofika aliiona ndogo kuliko siga. Watu walimsifu kwa kujua kutunza. Mimi naona alinyimwa, na aliyemnyima ni hii imani yetu kwamba kitu kizuri ni cha baadaye, na mwenye nacho hastahili bado.

Zilivutwa na wanawe, jioni ya tatu ya matanga, chini ya turubai. Mbili zilipasuka kabla hazijawaka. Ya tatu iliwaka upande mmoja, ikanuka kama gazeti, nao wakapokezana huku wakisifu. Mama yao alipita na birika la chai, akasimama.

"Wanangu, kama ni mbaya si mwitupe?"

"Hapana mama," akajibu mkubwa, machozi yakimtoka kwa moshi. "Ni tamu sana."