Nyumba Mbali na Kazi ni Mshahara Uliokatwa



Mtu akituuliza tunakaa wapi, tunajibu: Muhima. Wengi wenu mnapajua hata kama hamjalala huko. Ukishuka kwenye basi pale Nyabugogo, ukainua macho kutazama mlima ulioko kati ya kituo na mjini, mabati yale unayoyaona yamebanana ndiyo kwetu. Juu yetu ni maduka na mabenki. Chini yetu ni mabasi, soko, gereji, na barabara ya malori ambayo watu huiita Poids Lourds. Sisi tuko katikati, kwenye mteremko.

Leo tunataka kusema juu ya maisha ya mtaa huu. Huenda mmoja wenu akasema, chama cha wafanyakazi na mtaa wapi na wapi? Chama ni mshahara, ni saa za kazi, ni glavu na viatu vya kazini. Tunamwomba ndugu huyo asome mpaka mwisho.

Kwanza tueleze jinsi tunavyokaa. Kipangu kimoja kina milango mitano au sita. Mwenye nyumba anakaa mbele, wapangaji nyuma. Choo ni kimoja na bomba ni moja. Kuta nyingi ni za rukarakara, yaani tofali la udongo lisilochomwa, zimepigwa plasta ya saruji kwa nje. Saa kumi na moja alfajiri unasikia milango inafunguliwa mmoja mmoja. Huyu anakwenda kupakua ndizi sokoni, yule ni fundi cherehani, mwingine anashika zamu ya asubuhi kiwandani, mama wa mwisho anauza uji kwa madereva. Kwenda mjini ni kwa miguu, na kwenda Nyabugogo ni kwa miguu. Jioni tunarudi hivyo hivyo, na nauli inabaki mfukoni. Nauli hiyo ndiyo mboga.

Hospitali ya Muhima iko hapo hapo. Wanawake wengi wa Kigali wamezaa humo, na wake zetu walikwenda wakiwa wameshikwa mkono na jirani. Mtoto akirudi shuleni mapema, ufunguo uko kwa mama wa mlango wa pili. Ukipungukiwa sukari katikati ya mwezi, mwenye duka anaandika kwenye daftari kwa sababu anakujua. Kila wiki tunachanga ikimina, na mwenye zamu yake analipa karo au ananunua godoro. Mtu akifiwa, hakai peke yake.

Hatusemi kwamba Muhima ni peponi. Mvua ya Aprili ikinyesha, maji yanateremka kwa hasira, yanachimba msingi, na wenzetu wa bondeni Nyabugogo wanaingiliwa na mto. Ngazi za udongo zimevunja miguu ya wazee. Maji ya bomba hukatika. Wezi wa kituoni hupanda usiku. Na neno ujirani hatulisemi kwa wepesi, maana katika nchi hii, mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wako waliouawa na watu waliokuwa wakichota maji nao bomba moja. Ujirani tulionao leo umejengwa upya kwa taabu, na watu walioamua kuujenga. Kwa hiyo tunajua thamani yake.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Kigali inakua. Mwaka 1962, ilipofanywa makao makuu ya nchi, ulikuwa mji mdogo wa watu elfu chache. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.7. Mji una ramani yake kuu, iliyopitishwa 2013 na kurekebishwa 2020. Ardhi iliyo karibu na katikati ya mji inatakiwa kwa majengo ya ghorofa. Muhima iko karibu mno na katikati ya mji. Basi jengo jipya linasimama hapa, kipangu kinauzwa pale, na kodi inapanda. Mpangaji anafunga godoro lake kwa kamba na kutafuta mahali pengine.

Hili si jambo geni kwetu. Ng'ambo ya mjini palikuwa na Kiyovu cha maskini. Watu wake waliondolewa miaka ya 2007 na 2008, wengine wakapelekwa Batsinda. Baadaye ikawa Bannyahe huko Nyarutarama, na nyumba za mwisho zikabomolewa 2022, watu wakipelekwa Busanza. Viwanda navyo vilihamishwa kutoka bonde la Gikondo vikapelekwa Masoro. Kwa hiyo mara nyingine nyumba inahama na kazi inabaki, mara nyingine kazi inahama na nyumba inabaki. Kwa vyovyote vile njia inarefuka, na mshahara unabaki pale pale.

Sisi hatupingi kujenga. Wajenzi ni ndugu zetu, na wengi wao ni wanachama. Wala hatusemi mtu aachwe akae kwenye kinamasi mpaka maji yamchukue yeye na wanawe. Tunauliza swali moja tu: gharama ya kuhama anailipa nani?

Mwenye nyumba ana sheria. Sheria ya 2015 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma inasema alipwe fidia, tena ndani ya siku 120 tangu fidia hiyo ilipoidhinishwa. Ziko kesi na malalamiko juu ya bei, lakini angalau ana karatasi ya kushika mkononi. Mpangaji hana karatasi ya ardhi. Amelipa kodi miaka kumi, amepaka chokaa kuta zisizo zake, na siku ya kuondoka anaondoka na masufuria yake. Na wafanyakazi wengi wa viwandani ni wapangaji.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina siasa. Kuna mama mmoja tuliyekuwa naye kipangu kimoja. Anafanya kazi ya kufungasha katika kiwanda kimoja cha mjini. Alipokuwa Muhima alitembea dakika ishirini na tano. Kodi ilipompanda alihamia ng'ambo ya mto Nyabarongo, upande wa Kamonyi, kwa sababu huko chumba ni rahisi. Sasa ukihesabu kutembea mpaka barabarani, kusubiri basi, foleni ya Nyabugogo na kupanda mlima, ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Hizo ni saa 3 kwa siku. Kwa siku 6 za kazi ni saa 18 kwa wiki. Kwa wiki 4 ni saa 72. Gawanya kwa saa 8: ni siku 9 za kazi. Mama huyu anamfanyia mtu siku 9 kila mwezi bila malipo, na juu yake analipa nauli. Tena tangu Machi 2024, serikali ilipoondoa ruzuku ya usafiri iliyokuwa ikiwalipia abiria sehemu ya nauli, nauli hiyo ni nzito zaidi.

Kile alichookoa kwenye kodi kimekwenda kwenye basi. Na yako mengine yasiyoandikwa kwenye hesabu. Hana tena jirani wa kumwachia ufunguo. Ameacha ikimina, kwa maana hawezi kufika. Zamu ya usiku ikiisha saa nne, anakimbia gizani kuwahi basi la mwisho. Mkutano wa chama unafanyika jioni, naye hayupo. Tazameni hapo vizuri: mfanyakazi anayekaa mbali ni mfanyakazi ambaye ni vigumu kumpata mkutanoni. Mtaa ukitawanyika, tawi la chama nalo linatawanyika.

Tulikwenda kwa mwajiri kuomba posho ya nauli kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku. Alitujibu kwa upole kabisa: "Mimi nanunua kazi yenu kuanzia getini. Mnapokaa ni shauri lenu." Tulirudi tukiwa tumenyamaza. Lakini jibu hilo si la kweli, na tutaonyesha kwa nini.

Kwanza, sheria zetu za hifadhi ya jamii zinahesabu ajali inayompata mfanyakazi njiani, kati ya nyumbani kwake na kazini, kuwa ni ajali ya kazi. Basi ikiwa njia ile ni ya kazi siku mguu unapovunjika, yawezekanaje isiwe ya kazi siku ambazo mguu ni mzima?

Pili, mshahara ni wa kumwezesha mtu kurudi kesho akiwa na nguvu. Mtu hawezi kurudi kesho kama hakulala mahali. Kulala ni sehemu ya kazi, kama vile makaa ni sehemu ya moto. Na hapa kwetu mshahara wenyewe una kidonda. Kima cha chini cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa mwaka 1980, kikaachwa hivyo zaidi ya miaka arobaini, hata pesa hiyo isinunue tena chapati moja. Sheria ya kazi ya 2018 ilimwachia waziri kutoa amri ya kima kipya. Vyama vimeliulizia jambo hilo mara kwa mara. Mtu asiye na kima cha chini cha maana hawezi kushindana na bei ya ardhi ya mjini.

Tatu, wenzetu walikwisha kuipigania njia hii zamani. Mombasa, mwaka 1939, wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi waligoma, wakafuatwa na wengine mpaka bandarini. Dai lao kubwa lilikuwa nyumba: walijazana vyumbani kama dagaa na kodi ilikuwa inakula mshahara. Wakati ule hata chama imara hawakuwa nacho. Walipata posho ya nyumba. Leo sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba, au posho ya kutosha kupanga, au mshahara ambao kodi imehesabiwa ndani yake. Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni.

Dar es Salaam nako, wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa ili nyumba za zamani zibomolewe. Hawakutawanyika wakasahauliwa. Walibaki na orodha yao, kaya 644, wakaishika miaka kumi na zaidi, wakidai kurudi. Mwaka 2022 walikabidhiwa nyumba za ghorofa mahali pale pale. Walikawia, lakini walirudi kwa sababu orodha haikupotea.

Ninyi ndugu wa mashamba ya chai na miwa, msifikiri haya ni ya watu wa mjini tu. Katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki mfanyakazi hulala kwenye nyumba ya kambi, na nyumba ni ya bwana shamba. Akifukuzwa kazi asubuhi, jioni hana pa kulaza watoto. Hofu hiyo ndiyo inayofanya watu wanyamaze kwenye mizani hata wakiona kilo zao zinapunguzwa. Sisi wa mjini tunafukuzwa na kodi, ninyi mnafukuzwa na ufunguo. Sisi na ninyi tumefungwa kwa kamba moja.

Basi tufanye nini? Hatuna budi kuanza na tunayoyaweza.

Moja: kila tawi liandike orodha. Nani anakaa wapi, analipa kodi gani, nauli kiasi gani, anatumia saa ngapi njiani. Mwajiri anakuja mezani na karatasi zake, nasi twende na zetu.

Mbili: mkataba wa hali bora unaofuata usikose kifungu cha posho ya nauli na nyumba, na usafiri wa kampuni kwa zamu ya usiku. Na kiwanda kikitaka kuhama, chama kielezwe mapema na umbali mpya ulipiwe.

Tatu: katika mikutano ya umudugudu, na baada ya umuganda Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wapangaji wasikae kimya nyuma kama wageni. Wanapanda miti na kuzibua mitaro kama wengine. Mpango wa kujenga ukiletwa, waulize: nyumba za kodi nafuu ziko wapi kwenye ramani hii?

Nne: anayehama asifutwe. Tumtafute huko alikokwenda, tubadilishe saa za mikutano, tufanye na Jumapili, tumfuate kwake. Ikimina isife kwa sababu ya kilomita kumi na tano.

Yule mama wa Kamonyi tulimfuata Jumapili moja. Tulimkuta anafua. Alituuliza habari za kila mlango wa kipangu, mmoja mmoja, kwa majina. Tulipomwomba awe wa kwanza kwenye orodha, alipangusa mikono akasema: "Andikeni. Saa tatu kwa siku. Andikeni na nauli."

Tumeandika. Sasa ni zamu yako, ndugu msomaji, kuandika na zako.

Umoja ni nguvu!