Kuolewa Si Kufutwa Kwenu

"Mtoto wa kike ni wa kupita." Neno hili husemwa kwa upole, tena na watu wanaotupenda. Bibi hulisema akimfundisha mjukuu kupika, ili asije akamwaibisha ugenini. Baba hulisema ada ya shule isipotosha kwa watoto wote. Wajomba hulisema siku ya kupokea mahari, na waliokaa huitikia kwa kichwa. Limezoeleka kiasi kwamba anayelisema haulizwi ushahidi. Mimi nasema ni neno la uongo, na uongo huu unawagharimu mabinti nyumba, mashamba, na hata mahali pa kulala uzeeni.

Wanaolisema wenyewe hawaliamini. Tazama wanavyoishi. Binti akikaribia uzazi wa kwanza, hurudi kwa mama yake akandwe kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka arobaini itoke. Ndoa ikimshinda, hurudi na watoto wake na kubanana chumba kimoja na wadogo zake. Mdogo wake akichaguliwa kidato cha tano, yeye ndiye hupigiwa simu kuhusu godoro, tranka na nauli. Msiba ukitokea kwao akachelewa nusu siku, huulizwa kama amesahau alikotoka. Mtu wa kupita haulizwi hayo.

Na mzazi akiugua, hapo habari ya kupita hukoma kabisa. Baba yetu alipopigwa na kiharusi, aliyefunga safari kwenda kumuuguza ni dada yangu mkubwa, mke wa mtu, mwenye watoto na genge lake la mboga. Alijifunza kumgeuza ubavu huu na ule ili asichubuke mgongo. Alijua siku ya kubadilishwa mpira wa mkojo, dawa ipi hutangulia chai na ipi hufuata chakula, na kwamba baba alikubali kunyolewa asubuhi tu, kabla wageni hawajaanza kuingia. Kaka zetu walituma fedha, na fedha zao sizidharau. Pampasi za watu wazima ni ghali na zilitoka mifukoni mwao. Lakini mikono iliyomwosha baba ilikuwa ya binti yake.

Baada ya kuanua matanga, kikao cha ukoo kikakaa. Katibu alifungua daftari, akaandika "Warithi", akaorodhesha wanaume kwa kufuata umri, akapiga mstari chini yake. Mmoja wetu alipouliza, aliyejibu hakuwa baba mdogo wala kaka. Alikuwa shangazi: "Ninyi mna kwenu." Wakati huo dada alikuwa uani, anawapakulia wanakikao wali. Shangazi naye amezaliwa katika nyumba ile ile, na zamu yake ilipofika aliachwa nje vilevile. Sidhani alisema kwa chuki. Mtu aliyenyimwa akanyamaza maisha yake yote huona tabu kukubali kwamba alinyimwa bure.

Wengi hudhani kikao kile ni mazungumzo ya nyumbani tu. Sivyo. Muhtasari wake ndio unaopelekwa mahakama ya mwanzo mtu anapoomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na majina yaliyomo ndiyo anayoyaona hakimu. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, lakini binti aliyeolewa Mbeya hatalisoma tangazo lililobandikwa Muleba. Akija kujua, shamba limeshagawanywa, pengine limeshauzwa, na njia iliyobaki ni kumshtaki kaka yake wa damu. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Sheria tunaijua au tungeweza kuiuliza. Kinachotushinda ni kumpenda kaka. Dhuluma hii inaegemea upendo huo, na ndiyo maana inaniuma kuliko dhuluma ya mtu baki.

Hoja inayosimamiwa kwa nguvu zaidi ni ya ardhi. Binti akirithi, wanasema, ardhi ya ukoo itaishia kwa watu wengine. Hofu hiyo naielewa. Kwenye kibanja cha Kagera au kihamba cha Kilimanjaro wamelala babu na bibi, na hakuna anayetaka makaburi ya wazee wake yawe katikati ya shamba la mgeni. Lakini kama shida ni kuuza, basi katazo limhusu kila anayeuza. Vijana wa kiume wanauza ardhi ya baba zao kila mwaka, wanahamia mjini, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo wanaume wasirithi.

Mahakama zilishaipima hoja hii zamani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kutaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ya Wahaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Ukoo uliokosa mtu wa kumtunza bibi huyo ulimpata mtu wa kufungua kesi. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza alichorithi kama anavyouza mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, ikatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Nchini Kenya, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani katika shauri la Rono ilikataa mabinti wapewe kidogo kuliko kaka zao kwa sababu tu huenda wakaolewa.

Narudi kwenye lile jibu la "mna kwenu", maana ndilo linalotufunga mdomo. Kwetu ni wapi? Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963 zilimweka binti daraja la mwisho la warithi wa baba yake. Kanuni hizo hizo zikasema mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa na jamaa za waume zao majumbani mwao walihangaika na kanuni hizo katika mahakama za nchini, kisha wakapeleka malalamiko yao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao, ikaitaka irekebishe au ifute kanuni hizo. Kwa hiyo mwanamke yule yule akiwa kwa baba huambiwa aende kwake, na akiwa kwa mume huambiwa arudi kwao. Hakuna mtu anayeweza kuishi njiani maisha yake yote.

Wengine hutaja mahari: ukoo ulishapokea, mambo yamekwisha. Hawa wakumbushwe mahari ilikwenda wapi. Kwa Wakurya, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada aghalabu ndio waliomwoza kaka yake. Nyumba ya kaka imesimama kwa kuolewa kwa dada. Iweje basi kuolewa huko huko kuwe ndiyo sababu ya kumtoa dada katika hesabu?

Pwani na Visiwani kisingizio hiki hakina hata pa kushika. Kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na sehemu ya binti katika mirathi imetajwa katika Sura An-Nisaa. Hakuna kaka wala ami mwenye mamlaka ya kuifuta. Binti hubaki na jina la baba yake mpaka kaburini. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, tunamjua hadi leo kwa jina la Saad. Pamoja na hayo, zipo familia zinazoswali safu moja na kisha kumwomba binti "asamehe" fungu lake ili kaka asihangaike. Anaombwa mbele ya watu, mama yake akiwa amekaa pale, eda haijaisha. Msamaha unaoombwa namna hiyo ni kunyang'anywa.

Kaka zetu nao wanaumizwa na neno hili, ingawa kwa njia nyingine. Mwana wa kiume huambiwa yeye ndiye nguzo, basi asipokuwa na kazi huona aibu hata kurudi kwa wazazi, na mzigo ambao wangeubeba watoto wote humlalia yeye peke yake. Anayerithi peke yake hudaiwa peke yake.

Baba unayesoma haya, andika wosia ukiwa na nguvu zako, mbele ya mashahidi, na uwataje binti zako kwa majina. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kutunza wosia, na hilo halimwiti mtu kifo. Mama, usimwambie bintiyo asamehe kabla hajaulizwa kama anataka. Kaka, siku ya kikao, kabla katibu hajapiga mstari, wewe ndiye uyataje majina ya dada zako, kwa sababu wao wakiyataja wataitwa wachoyo. Na ninyi shangazi zetu, mnaosikilizwa kuliko wanawake wote katika ukoo, msitujibu tena kwamba tuna kwetu. Semeni mbele ya kikao mlivyonyimwa, na mtaje ni shamba gani.