Filamu Mbili na Swali la Mama wa Mtongwe



Baada ya darsa ya akina mama kule Mtongwe, mwanzoni mwa likizo hii ya shule, mama mmoja alitungoja mpaka wenzake wote wakavaa viatu wakaondoka. Kisha akasema: "Maalim, huyu mwanangu halali. Usiku kucha ni filamu kwenye simu. Niivunje?" Tukamuuliza kijana anatazama nini. Hakujua. Tukamwomba ajue kwanza, kwani simu ya kwanza ikivunjwa, ya pili hununuliwa kwa siri, na ya siri ndiyo mbaya zaidi. Juma lililofuata alituletea majina mawili aliyoyaandika nyuma ya daftari la madeni ya duka lake: Captain Phillips na Watu Wote. Basi tukaketi na watu wa nyumbani kwetu tukazitazama zote mbili, na haya ndiyo maoni yetu, tukijua kwamba wako waliosoma kuliko sisi ambao hawaoni kheri yoyote katika filamu. Tunawaheshimu. Lakini watoto wetu wanatazama, na mzazi asiyejua mtoto anaona nini hana la kumwambia.

Captain Phillips ilitoka mwaka 2013. Inasimulia kutekwa kwa meli ya mizigo, Maersk Alabama, mwezi wa Aprili 2009, ilipokuwa ikitoka Salalah, Oman, kuja huku kwetu Mombasa na shehena yake, ikiwemo ya chakula cha msaada. Wengi wetu twaikumbuka siku meli hiyo ilipofika bandarini Kilindini bila nahodha wake, yeye akiwa bado mateka baharini ndani ya mashua ya kuokolea. Kwa hiyo jina la Mombasa lilipotajwa, wajukuu walipiga makofi kama kwamba ni wao waliotajwa.

Ni kazi ya mikono hodari, hilo hatulikatai. Mwongozaji wake, Paul Greengrass, anajua kumbana mtu pumzi. Barkhad Abdi, kijana wa Kisomali aliyeigiza kiongozi wa maharamia, alifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na alistahili. Lakini tulipomaliza tulibaki na kinyongo. Nahodha tunamjua vyema: tumemwona akiwa na mkewe kabla ya safari, tumeisikia hofu yake kwa wanawe. Wale vijana wanne tunapewa dakika chache za ufukweni, neno moja au mawili juu ya meli za kigeni zinazokomba samaki, kisha bunduki, kisha kifo cha watatu kati yao. Uharamia ni dhulma na hatuutetei. Twasema tu kwamba mtu wa Likoni, ambaye jirani yake ni mvuvi, angetaka kujua ni nini kilichomtoa mvuvi kwenye nyavu kikamtia kwenye bunduki. Filamu ya zaidi ya saa mbili ilikuwa na nafasi ya kutosha kulieleza hilo.

Watu Wote ni fupi mno, dakika 22. Unaweza kuswali Maghrib, ukaitazama, na ukabakiwa na wakati wa kutosha kutia udhu wa Isha. Iliongozwa na Katja Benrath, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa akisomea filamu mjini Hamburg. Ilikuwa kazi yake ya kumalizia masomo. Waigizaji wengi ni Wakenya, lugha ni Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi. Haikushinda.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwezi wa Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha, abiria wakatenganishwa kwa dini zao, na watu 28 wasiokuwa Waislamu wakauawa. Baada ya hapo mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi. Tarehe 21 Disemba 2015 basi jingine lilikuwa njiani kuelekea Mandera. Siku hiyo halikuwa na polisi wa kulisindikiza, kwa kuwa gari lao lilikuwa limeharibika. Karibu na El Wak wakatokea watu wale wale wa Al-Shabaab, wakawataka Waislamu wajitenge na wasiokuwa Waislamu. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawavisha Wakristo mitandio yao, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, naibu mkuu wa shule, alipigwa risasi siku ile, akafariki mwezi wa Januari 2016 baada ya kulazwa hospitalini Nairobi. Aliacha mjane na watoto. Tumwombee rehema.

Benrath hakuanza na Salah. Alianza na Jua, mwanamke Mkristo ambaye mumewe na mtoto wake waliuawa na magaidi, na ambaye sasa analazimika kupanda basi lililojaa watu wa dini ile ile ambayo wauaji walijinasibisha nayo. Anawaogopa, na anawachukia. Salah anajaribu kuzungumza naye kwa upole na yeye anamkata. Hapa ndipo tulipomwona mke wetu akiweka kikombe chini. Alituambia baadaye kwamba alimwelewa Jua kabisa, na kwamba lilimwuma kumwelewa, kwa sababu mtandio ule unaochukiwa mle ndani ya basi ni huu wake. Sisi pia tulikumbuka. Machi 2014, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki waliingia kanisani hapa hapa Likoni wakaua waumini sita. Majuma mengi baadaye jirani yetu mmoja Mkristo, tuliyezoea kupelekeana sahani kila Idi na kila Krismasi, alikuwa akitupita mlangoni pasi na salamu. Hatukumlaumu, wala hatukwenda kumbishia mlango, na mpaka leo twajuta kwamba hatukwenda.

Tuna kasoro mbili za kuitaja. Ya kwanza, Salah hakupewa nyumba. Jua tunaujua msiba wake, lakini mwalimu yule tunakutana naye njiani tu, kama abiria wa kiti cha mbele. Mtu aliyeuweka mwili wake mbele ya risasi alilelewa na mama fulani, akafunzwa na maalim fulani, na twangependa kukiona hata kizingiti cha mlango wake. Hii ni kasoro ile ile ya Captain Phillips, ingawa hapa ina udhuru wa ufupi. Ya pili si ya Benrath, ni yetu. Kisa hiki kilitokea Kenya, kati ya Wakenya, na waliokifanya filamu ikafika Marekani ni wanafunzi kutoka Ujerumani. Vijana wetu wa Kisauni wana kamera, wapiga picha za harusi hadi alfajiri. Je, kisa kama hiki hawakukisikia?

Kuna jambo jingine tulilolitambua tulipozitazama zote mbili kwa mfuatano. Faysal Ahmed na Barkhad Abdirahman, waigizaji wawili wa Kisomali, wamo katika filamu zote mbili. Katika ya kwanza ni maharamia, na katika ya pili wamo tena katika kisa cha bunduki. Tumefurahi kwamba wana kazi. Lakini sura ya Kiislamu ikihitajika katika filamu za mataifa makubwa, mara nyingi huitwa ije na silaha mkononi. Kijana wa miaka 17 akiona hivyo kila usiku, aidha ataanza kuona haya kwa jina lake, au ataanza kuipenda ile bunduki. Mama zetu wa bara hii ya kusini wanajua tunalolisema. Wamo walioamka asubuhi wakakuta kitanda cha mtoto kitupu, na habari iliyofuata ikatoka Somalia.

Wazee wenzetu watasema mbona Ar-Risala ya mwaka 1976, ile tuliyoitazama kwa kanda ya video ujanani, ilituonyesha Sayyidna Hamza radhiya Llahu anhu kwa heshima, na Mtume sallallahu alayhi wasallam hakuonyeshwa hata kivuli. Ni kweli. Moustapha Akkad, aliyeiongoza, alikuwa mtu wa Halab, Syria. Mwezi wa Novemba 2005 yeye na binti yake Rima waliuawa katika mabomu yaliyolipuliwa hotelini mjini Amman, na waliolipua walidai wanafanya hivyo kwa ajili ya Uislamu. Tangu tulipoijua habari hiyo, hatuwezi kuitazama Ar-Risala kama zamani.

Turudi Mtongwe. Tulimwalika yule mama aje kwetu na kijana wake, tuitazame Watu Wote pamoja, watoto wadogo wakiwa wamekwishalala, maana kuna risasi na damu. (Wasiopenda kusikia muziki wapunguze sauti, maneno mengi yameandikwa chini ya picha, kwa Kiingereza.) Kijana aliketi karibu na mlango kama mtu aliyeletwa kuhukumiwa. Hatukumhubiria. Tulimwuliza tu, baada ya kumaliza, kwa nini alikuwa ameitazama mara nyingi kama alivyotuambia mamake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba akivaa kanzu njiani huulizwa kitambulisho kabla ya wenzake, na hii ndiyo filamu pekee aliyoiona ambayo wavaa kanzu ndani yake wanaogopa kama yeye.

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Sisi tulimwona Salah shujaa. Yeye aliona kwanza kwamba Salah alikuwa na khofu.

Halafu akauliza swali ambalo lilitupita sisi na aya zetu zote. "Maalim, yule aliyempa Jua mtandio, yeye mwenyewe alijisitiri na nini?"

Tulianza kutafuta jibu la kifiqhi, la dharura na mipaka yake. Mamake akatutangulia. "Mwanamke akisafiri mbali hubeba mtandio wa pili mkobani, mwanangu. Na wa tatu pia, kama ana akili." Kisha akainuka akamfuata mke wetu jikoni kumsaidia chai, na kijana akauomba ule mkeka usogezwe ili aianze tena tangu mwanzo.