Mambo ya Afya Nyumbani: Mmoja Akiugua Kifua Kikuu, Nani Aangaliwe Kwanza?

Mwezi huu twataka kueleza jambo litokealo katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa. Mtu mmoja wa nyumbani hukohoa wiki nyingi. Mwisho hupelekwa hospitali, makohozi yake hupimwa, naye huambiwa kwamba ana kifua kikuu. Hupewa dawa za miezi 6 pasipo malipo, jamaa zake hufurahi, na watu hudhani shauri limekwisha. Kumbe, kwa hao waliosalia nyumbani, shauri ndiyo kwanza laanza. Swali kubwa halijajibiwa bado: katika sisi tuliolala naye chumba kimoja na kula naye meza moja, ni nani atakayefuata kuugua?

Watu hujibu swali hili kwa njia nyingi. Wako watazamao tu nani anakohoa na nani amekonda. Wako wasemao ugonjwa huu ni wa ukoo, basi hakuna la kufanya. Wako wamtafutao mchawi. Majibu hayo yote yana hasara moja: humwacha nyuma yule aliye katika hatari, na mara nyingine humwonea asiye na hatia.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya ugonjwa. Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, daktari Robert Koch aliwaonyesha wenzake kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kijidudu hicho husafiri hewani, mgonjwa akohoapo, aimbapo au asemapo kwa nguvu, na mtu mwingine hukivuta kwa pumzi. Hakipiti katika sahani, wala katika nguo, wala kwa kushikana mikono. Hata wanywaji wa ulanzi kule Iringa, hatari yao si kikombe kimoja kizungukacho, bali ni kile chumba cha klabu kilichofungwa madirisha, ambamo watu wengi hukaa karibu karibu saa nyingi. Kadhalika nyumba zetu za nyanda za juu: kwa ajili ya baridi twafunga kila tundu, na hewa ya usiku hubaki ndani mpaka asubuhi.

Sasa liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo msingi wa maneno yetu yote. Kuingiwa na kijidudu ni jambo moja, na kuugua ni jambo jingine. Katika watu 10 walioingiwa, 9 hivi hawataugua maisha yao yote, maana mwili huvifunga vile vijidudu kama watu wafungwao gerezani. Mtu wa namna hiyo hakohoi, hadhoofu, wala hamwambukizi mtu. Lakini mmoja katika hao 10, au pungufu ya hapo, gereza lake litavunjika. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Basi kazi ya familia, na kazi ya madaktari, ni kumtambua huyo mmoja kabla ya gereza kuvunjika.

Je, yawezekana kumtambua? Si kwa yakini kamili. Walakini ziko alama tatu zitusaidiazo kukadiria.

Ya kwanza ni ukaribu. Tuulize: nani alilala chumba kimoja na mgonjwa, na kwa muda gani kabla hajaanza dawa? Aliyelala naye miezi miwili amevuta hewa yake kuliko jirani apitaye kusalimu.

Ya pili ni udhaifu wa mwili. Watoto wa chini ya miaka 5 ndio wa kwanza, maana kinga yao haijakomaa. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya habari za watoto zaidi ya 137,000 wa nchi nyingi waliokaa na wagonjwa. Waliona kwamba katika kila watoto 100 wa umri huo walioingiwa na vijidudu, wasipewe dawa ya kinga, 19 hivi waliugua ndani ya miaka miwili. Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumika mwaka 1921, huwakinga watoto na kifua kikuu kikali cha ubongo, lakini haiuzuii ugonjwa wote. Baada ya watoto wafuata watu wenye virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni kubwa mara 16 hivi kuliko ya wengine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye virusi hivyo kwa wingi katika Tanzania Bara. Basi neno hili latuhusu sana. Tena wako wenye kisukari, wavutao tumbako, walevi, na wale ambao mapafu yao yamejaa vumbi la mawe, kama wachimbaji wa dhahabu wa Chunya.

Ya tatu ni wakati. Walio wengi wa watakaougua, huugua katika miaka miwili ya kwanza tangu kuingiwa. Kwa hiyo aliyepimwa leo akaonekana mzima hajamaliza safari, yampasa kurudi.

Tuseme, kwa mfano tu, kuna nyumba ya watu 7 huko Uyole. Baba ndiye mgonjwa, naye alikohoa miezi miwili kabla ya kupimwa. Mama alilala naye chumba kimoja, pamoja na mtoto wa miaka 2. Chumba cha pili wamo bibi mwenye kisukari na kijana wa miaka 16. Mjomba afanya kazi Chunya na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Binti asoma shule ya bweni Iringa, naye alikuwapo wakati wa likizo. Siku ya kwenda zahanati, nyumba hiyo humpeleka nani? Mara nyingi humpeleka yule kijana, kwa sababu ana mafua na anakohoa. Wa kuangaliwa kwanza ni yule mtoto achezaye uani kwa furaha, kisha mama na bibi. Mjomba naye, kwa ajili ya lile vumbi, asisahauliwe. Na binti, aliyekwisha kurudi shuleni, ndiye ambaye hakuna amkumbukaye.

Wala tusingoje kikohozi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba nusu hivi ya watu wazima waliokutwa na vijidudu katika makohozi hawakuwa na dalili yo yote waliyoitaja. Tena, hesabu iliyokusanywa mwaka 2013 kutoka nchi zisizo na mali nyingi ilionyesha kwamba katika kila jamaa 100 waliokaa na mgonjwa, 3 hivi walikutwa wanaugua tayari, na nusu hivi walikuwa wameingiwa.

Wasomaji wataka kujua: je, hakuna kipimo cha kutuonyesha nani atakayeugua? Tangu mwaka 1908 kipo kipimo cha ngozi cha daktari Mantoux wa Ufaransa, na siku hizi vipo pia vipimo vya damu. Vyote hivyo hutuambia nani ameingiwa. Havituambii nani ataugua. Mwaka 2016 wataalamu wa Afrika ya Kusini, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wameona alama za jeni 16 katika damu ziwezazo kuashiria ugonjwa mwaka mmoja hivi kabla haujatokea. Zilitambua watu 2 hivi katika kila 3 watakaougua. Lakini katika jaribio jingine la huko, lililoandikwa mwaka 2021, watu waliochaguliwa kwa alama za damu za namna hiyo walipewa dawa ya kinga, na dawa ile haikupunguza idadi ya waliougua. Ndipo tuonapo kwamba kujua hatari si sawa na kuiondoa.

Kazi hii imefika mpaka kwetu. Tangu mwaka 2021, wataalamu wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Harare na wa Msumbiji, walianza uchunguzi uitwao ERASE-TB. Walikusudia kuandika jamaa 2,100 wa wagonjwa, wenye miaka 10 na kuendelea, na kuwapima tena kila miezi 6 kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili. Walitumia picha ya kifua isomwayo na kompyuta, na vipimo vipya vya damu na makohozi. Ni watu wa nyumba kama zetu, ambao walikubali kurudi na kurudi tena ingawa hawakujiona wagonjwa.

Mpaka kipimo kamili kipatikane, twashika tulicho nacho, nacho si kidogo. Iko dawa ya kinga. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba jamaa wote wa nyumba ya mgonjwa, si watoto peke yao, waweza kupewa. Iko namna ya kunywa kila siku kwa miezi 6, na iko namna ya kunywa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Daktari ndiye achaguaye. Sharti kwanza mtu apimwe, ahakikishwe kwamba hajaanza kuugua, maana dawa ya kinga haitoshi kumponya mgonjwa, na huweza kuvifanya vijidudu kuwa sugu. Mtu asichukue vidonge vya mgonjwa akajigawia.

Chakula nacho ni kinga. Huko Jharkhand, India, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba jamaa za wagonjwa waliopewa nyongeza ya chakula waliugua kifua kikuu pungufu kwa asilimia 39 hivi kuliko wasiopewa. Iringa ni nchi ya mahindi, maharagwe na viazi. Hata hivyo uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mara nyingi gunia limejaa nalo bakuli la mtoto lina ugali mtupu. Wazazi, mpeni mtoto maharagwe, yai, maziwa na mboga kabla hamjauza vyote.

Nanyi walimu, twawaomba mambo mawili. Msimfukuze mtoto ambaye baba yake yuko katika dawa. Mgonjwa anywaye dawa zimfaazo, bila kuruka siku, hupungua upesi nguvu ya kuambukiza, na mtoto mzima hana la kumwambukiza mwenzake. La pili, mwiteni faraghani, mkamwulize kama amekwisha kupimwa. Yule binti wa bweni, tuliyemtaja katika mfano wetu, hana mwingine wa kumwuliza.

Basi, siku mtu wa nyumbani aambiwapo ana kifua kikuu, fungueni madirisha mchana, kisha mkae pamoja na kuandika karatasi moja. Andikeni jina la kila mtu aliyelala katika nyumba hiyo katika miezi 3 iliyopita, hata aliyesafiri, hata mpangaji, hata kitoto kinyonyacho. Mbele ya kila jina andikeni umri, alilala chumba gani, siku aliyopimwa, na siku atakayorudi kupimwa. Karatasi hiyo mwonyesheni daktari au mwuguzi wa zahanati, mkaitundike ukutani miaka miwili. Jina lisilo na tarehe mbele yake, huyo ndiye wa kupelekwa kesho.