Kiswahili Kiwe Daraja Maktabani

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika maktaba za vyuo vyetu yuko mwanafunzi asiyeuliza. Si kwamba hana swali. Analo, ila hana lugha ya kuliulizia. Wataalamu humwita mjifunzaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Kwa aliyezaliwa Matinyani, katika Kaunti ya Kitui, jina hilo halitoshi. Aghalabu lugha yake ya kwanza ni Kikamba, ya pili ni Kiswahili, na Kiingereza huja ya tatu. Anapofika mbele ya mkutubi, hutarajiwa aanze safari kwa hiyo lugha ya tatu, na zile mbili aziache mlangoni pamoja na mkoba wake.

Chukulia kwamba mwanafunzi huyo anaandika tasnifu kuhusu historia ya njaa Ukambani. Nyumbani amesikia wazee wakiitaja Ngomanisye, baa la njaa lililoangamiza watu wengi mwishoni mwa karne ya 19. Akiliandika jina hilo katika katalogi ya kompyuta, yamkini hatapata kitu. Akiandika Ukambani au Akamba, huenda akapata machache, kwa kuwa orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayofuatwa na maktaba nyingi za vyuo ulimwenguni, huwaita watu hao Kamba. Kitabu kimojawapo kinachomfaa sana ni kile cha Charles Ambler, Kenyan Communities in the Age of Imperialism, kilichochapishwa mwaka 1988. Kinalijadili baa hilo la njaa, lakini katika anwani yake hamna njaa, hamna Ukambani, wala hamna Kitui. Mwanafunzi atakipita rafuni akidhani hakimhusu.

Ni dhahiri kwamba kinachomkwaza hapa si sarufi ya Kiingereza. Kinachomkwaza ni istilahi, pamoja na mpangilio wa maarifa uliobuniwa mbali na kwao. Katika mfumo wa Dewey, ulioanza mwaka 1876, Kiingereza kimetengewa nambari 420 peke yake, ilhali lugha za Kiafrika kwa jumla zimesongamana katika 496, na Kiswahili kikapewa 496.392. Asiyeelezwa mantiki hiyo atazunguka baina ya rafu kama mgeni asiye na mwenyeji.

Mwenyeji huyo ni mkutubi anayeuliza kwa Kiswahili: Ni njaa ya miaka gani? Unatafuta chanzo chake au athari zake? Watu walihamia wapi? Mwanafunzi atajibu kwa kirefu, bila kuhofia kuchekwa. Kutokana na majibu hayo, wawili hao watayachambua maneno ya Kiingereza ya kutafutia: la njaa, la ukame, la uhamaji, la utawala wa kikoloni. Baada ya hapo mwanafunzi atavisoma vitabu vyenyewe kwa Kiingereza, akijua anachokitafuta ndani yake.

Wapo watakaodai kwamba msaada wa namna hii utamdekeza mwanafunzi na kukidhoofisha Kiingereza chake. Hoja hiyo ina uzito kiasi, kwani mtihani wake ni wa Kiingereza na hakuna atakayemfanyia. Lakini asiyekipata kitabu hawezi kukisoma, na asiyesoma Kiingereza hawezi kukiimudu lugha hiyo. Kumnyima daraja kwa kisingizio cha kumfunza kuogelea ni kumwacha ng'ambo ya mto.

Sheria nayo haimzuii mkutubi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa; hivyo basi, mkutubi na mwanafunzi waliopitia mfumo huo wote wawili wanakijua. Kinachokosekana ni mazoea.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Vyama vyao huandaa makongamano na mashindano ya ushairi, nayo ni mambo mema. Lakini chama cha Kiswahili kinaweza pia kuandika kijitabu cha kurasa chache kinachoeleza katalogi, faharasa, ikisiri na marejeo, pamoja na orodha ya istilahi za kutafutia kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Wanachama wanaweza kukaa zamu maktabani jioni moja kila wiki. Wahadhiri nao wanaweza kuikubali kazi ya kukusanya istilahi hizo kuwa mradi wa kutathminiwa, kwa maana ni leksikografia na tafsiri kwa vitendo.

Kiswahili kimesifiwa majukwaani kwa miaka mingi. Sifa hizo hazitamfikia mwanafunzi wa Matinyani aliyesimama kimya mbele ya kaunta hadi atakapoulizwa kwa Kiswahili, "Unatafuta nini?" Mkoba wake na ubaki mlangoni, lakini lugha zake aruhusiwe kuingia nazo.