Lishe ya wasichana Kasese: ujumbe upitie simu ya mama

Kutoka Mweya na Katwe hadi Bwera, simu ya mkononi ni duka na benki. Kwa simu mfanyabiashara huuliza bei ya maharage na kupokea malipo kabla mzigo haujavuka Mpondwe kwenda Kasindi. Panapozungumzwa kuitumia simu hiyo kufundisha lishe wasichana wenye upungufu wa damu, swali la kwanza ni hili: simu iko mkononi mwa nani?

Tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta wanawake 32 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi huku mwili ukiendelea kukua. Malaria na minyoo huzidisha hali. Uchovu wake nyumbani huitwa uvivu.

Wizara ya Afya ina uzoefu wa ujumbe mfupi. Mfumo wa FamilyConnect ulilenga wajawazito na kina mama wenye watoto wachanga, hivyo msichana wa shule hakuwa mlengwa, na mara nyingi hana simu. Intaneti nayo ni ghali: kodi ya Sh200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, ilifutwa 2021, lakini ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

Njia iliyo karibu ni ujumbe wa sauti, kwa Lukonzo na Kiswahili, kwenye simu ya mama anayeamua kiingiacho chunguni. Yanayohitajika hutosha dakika moja: maharage, mchicha na samaki vina madini ya chuma, chungwa au embe husaidia mwili kuyapokea, chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Msichana mwenye dalili apimwe kituo cha afya, kwani chakula pekee huenda kisitoshe.

Hata hivyo, ujumbe haujazi chungu. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wanatarajia soko pana zaidi. Bei ya Kasindi ikipanda, gunia lote huvuka, na nyumbani hubaki muhogo na chai. Kilo chache zikitengwa kabla gunia halijashonwa, ujumbe wa simu utamkuta binti ana cha kula.