Risala ya Wakazi wa Mitaa ya Kaminaljuyú kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni na Michezo

Mheshimiwa Waziri,
Waheshimiwa viongozi mliofuatana naye,

Sisi wakazi wa Zona 7, Jiji la Guatemala, pamoja na wazee wetu wa mila za Kimaya, tunakushukuru kwa kufika. Kwa ridhaa yako, tunaomba kuwasilisha shida zetu.

1. Vilima vinakwisha. Mji wa kale wa Kaminaljuyú, uliolala chini ya mitaa yetu, ulikuwa na vilima takriban 200 vya majengo na makaburi. Vilivyobaki ni vichache, vingine vimelala chini ya barabara, nyumba na maduka makubwa. Si jambo la jana. Mwaka 1935 klabu ya mpira ilikata kingo za vilima viwili ili kurefusha uwanja, kuta za kale zikajitokeza. (Mpira tunaupenda, Mheshimiwa, tena nao uko chini yako.) Bahati nzuri safari ile waliitwa wataalamu, na mwanaakiolojia Alfred Kidder na wenzake wakafukua makaburi ya wakuu wa mji pamoja na vyombo walivyozikwa navyo. Leo anayechimba msingi wa nyumba akikuta vigae, hunyamaza, kwa kuogopa ujenzi wake usisimamishwe. Tunaomba vilima vyote vilivyosalia vipimwe na kuwekewa alama, hata vilivyomo katika viwanja vya watu, na kibali cha ujenzi kisitoke kabla ya wataalamu kukagua ardhi. Mwenye kiwanja atakayetoa taarifa asiachiwe gharama peke yake, la sivyo ataendelea kunyamaza.

2. Mvua inatumalizia kilichofukuliwa. Mji wa Kimaya wa Tikal ulijengwa kwa mawe ya chokaa. Hapa wazee wetu walijenga kwa udongo. Ukuta wa udongo ukishafunuliwa, mvua za Mei hadi Oktoba huumomonyoa. Tumevumilia misimu mingi tukitazama. Tunaomba mapaa ya kukinga kuta hizo pamoja na mifereji ya maji vikarabatiwe kabla ya masika, na palipokosa paa pafukiwe tena kitaalamu.

3. Wazee wetu huwasha moto wa ibada hapa, kwa mishumaa na ubani, lakini mipango ya mahali hapa huwafikia ikiwa imeshaamuliwa. Mkataba wa tarehe 31 Machi 1995 kuhusu utambulisho na haki za watu wa asili ulitambua haki yao ya kushiriki katika kuhifadhi na kusimamia maeneo kama haya. Tunaomba wapewe viti penye maamuzi, wala si penye sherehe tu.

4. Watoto wetu wakichimba shimo la gololi huokota vipande vya obsidiani, jiwe jeusi la volkano lenye makali ya wembe, wasijue kwamba mababu walilitoa kwenye machimbo ya El Chayal. Ili historia hii ijulikane, tunaomba vijana wa mitaa hii wafunzwe na kuajiriwa kuwa waongoza wageni.

Mheshimiwa Waziri, yote ni mazito, ila la mapaa halingoji bajeti ijayo. Tunaomba tujibiwe hilo kwanza, kwa maandishi.

Ni sisi watiifu wako,
Wakazi na wazee wa mitaa ya Kaminaljuyú